Bibi Kimya na Kofia ya Miguu Mitatu

Ukitaka Bi Mwatumu akununie mpaka Idi Kubwa, iite kofia yake pangaboi. Mtaa mzima wa Mayfair, huku Johannesburg, unalijua hilo, na karibu Mayfair nzima imewahi kuteleza. Kofia anazozishona kwa mkono, nyeupe, zenye nyuzi za rangi ya maziwa, zina ua ambalo hulioni kwenye kofia za fundi mwingine: miguu mitatu iliyokunja magoti, imeungana mapajani, inakimbizana kwa mduara. Mwenye haraka haoni miguu, anaona feni ya darini. Wasomali wenye maduka ya vitambaa ndio walioanza kuliita ua hilo pangaboi, jina likanata, na sasa hata watoto wa madrasa huja na ujumbe kwamba baba anataka pangaboi ya kichwa kikubwa. Bi Mwatumu huwajibu kwamba pangaboi zinauzwa duka la umeme, kwake kuna miguu mitatu, na baba aje mwenyewe apimwe.

Ushonaji huo aliupata kwa bibi yake, Chake Chake, Pemba. Bibi aliupata kwa mama yake, aliyeitwa Mayasa, na Mayasa aliupata kwa Bibi Kimya. Nyuma ya Bibi Kimya hakuna aliyejua kitu; ndiye fundo la mwanzo wa uzi. Alikuwa mwalimu, walisema wazee, na kwa kuwa mwalimu wa zamani ni mwalimu wa chuo, kila mtu kwenye ukoo alimwona kichwani mwake bibi mcha Mungu wa buibui, anayefundisha wasichana Kurani na sindano. Kila hitima iliposomwa nyumbani kwao, wazee walitajwa majina mmoja mmoja, na Bibi Kimya hakuachwa. Bi Mwatumu aliihamishia desturi hiyo Johannesburg pamoja na masufuria yake.

Wala hakuhamisha hiyo tu. Nyumba yao ilikuwa na mambo yake, na yote yalisemwa kuwa ya Bibi Kimya. Kwao mtu haapi. Huko Mayfair, ambako ndimu haziuzwi bila wallahi mbili na billahi moja, Bi Mwatumu husema ndiyo au hapana, akanyamaza. Ukimbana aape, atakuuliza: ukiapa leo kwa ajili ya ndimu, siku ya jambo kubwa utafanya nini? Bei yake nayo ni moja, kwa sheikh na kwa mlevi, na anayetaka kupunguziwa huombwa akae apumzike mpaka hamu imtoke. Halafu kuna kile kikao. Kabla ya neno zito, iwe posa, mirathi au ugomvi wa wapangaji, watu wa nyumba yao huketi kimya, wakubwa kwa wadogo, mpaka mmoja aone ana neno linalostahili kuuvunja ukimya ule. Asipoona, wanainuka wanakwenda kupika.

Kikao hicho ndicho kilichompa sifa mjini. Alipofika aliwakuta kina mama wa Kitanzania wakikutana kila mwezi na kurushiana maneno mpaka majirani wagonge ukuta. Akawaambia, kwa sauti ya mtu asiyebishwa, kwamba mila ya kale ya Wapemba ni kukaa kimya kwanza. Wa Dar wakaguna, wa Tanga wakacheka, lakini walipojaribu waliona nusu ya ugomvi unakufa wenyewe. Sasa hawaanzi mkutano bila hicho wanachokiita kimya cha Kipemba. Wapemba wengine walipohamia mjini walishangaa sana, maana mila hiyo hawakupata kuisikia tangu wazaliwe. Lakini ni Mpemba gani atakayesimama mbele ya watu wa Tanga akiri kwamba hajui mila za kwao? Waliketi, wakainamisha vichwa, na mmoja alisikika akieleza kwamba kwao Micheweni wanakaa zaidi ya hapo.

Bi Mwatumu ni mjane. Mtoto wake ni mmoja, Nusaiba, aliyezaliwa huku huku. Anafanya kazi duka la dawa, na Kiswahili anakisikia chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Mama huuliza kwa lugha yake, binti hujibu kwa yake, na mambo yao huenda. Ukimwuliza Bi Mwatumu anachotaka duniani, atakwambia anataka kumwona Nusaiba ameolewa na kijana mwema, na yeye mwenyewe ndiye ashone kofia ya bwana arusi. Kijana mwema akapatikana. Jina lake Luqman, wa Tanga, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, mpole, mchapa kazi, anayempenda Nusaiba mpaka akaanza kujifunza majina ya dawa. Kofia ya miguu mitatu alikuwa nayo tayari; aliinunua kwa bei kamili bila kuuliza neno, na tangu siku hiyo Bi Mwatumu alimwona mkwe.

Shida ilikuwa shangazi. Luqman alilelewa na shangazi yake, Bi Bushra, mwuza vitumbua wa mtaa wa La Rochelle, mji huu huu, mwanamke wa moyo mweupe na mdomo usio na breki. Alikuja Mayfair kuposa, na sinia lake la halua na tende, akauvumilia ukimya wa Kipemba kwa taabu, akikohoa na kuzipanga bangili zake upya, na ulipovunjwa akalisema lililokuwa likimkaba. Alikuwa amepigiwa simu kutoka kwao. Kuna mtu Tanga aliyewahi kuishi Pemba, na mtu huyo anasema kwamba ukoo wa Bi Mwatumu ni watoto wa misheni.

Neno hilo ni dogo lakini lina meno. Watoto wa misheni walikuwa watoto waliotolewa utumwani, enzi utumwa ulipokuwa ukikata roho, wakalelewa na wamishonari. Ukimwita mtu hivyo umempiga makofi mawili kwa mkono mmoja: kwamba mzee wake alinunuliwa, na kwamba alilelewa Kikristo. Yote mawili si kosa la yeyote aliye hai, na yote mawili yamevunja posa nyingi pwani.

Bi Bushra alieleza kwamba yeye mwenyewe hana neno, ila ukoo wake ni watu wa maneno. Dawa ipo. Msahafu si ule pale juu ya rafu?

"Apa tu, shoga yangu, kwamba si kweli," alisema. "Ukishaapa, niachie mimi Tanga."

"Sisi hatuapi, Bi Bushra," Bi Mwatumu akajibu. "Lakini nakwambia, si watoto wa misheni. Nimesema."

Kwa Bi Mwatumu hilo lilitosha na likabaki. Kwa Bi Bushra huyu alikuwa mtu anayekwepa, kwani asiye na la kuficha anauogopea nini msahafu? Alijitanda vizuri, akasema atalifikiria, na mwanamke wa pwani akisema atalifikiria, ujue arusi imepandishwa juu ya kabati. Nusaiba alijifungia chumbani. Luqman akaanza kuja Mayfair kununua kofia asizozihitaji, mpaka mwenye kofia akamwonea huruma akakataa kumwuzia.

Mambo yalikuwa yamekwama hapo Jumapili moja Luqman alipompakia mteja wake wa kila wiki, Mzee Kissack, mzungu aliyekwisha kula chumvi nyingi, ambaye humpeleka kwenye ibada upande wa mashariki wa mji. Walisimama kwenye robot, ndivyo huku zinavyoitwa taa za barabarani, nyekundu imewaka. Ghafla Luqman akahisi kidole kisogoni. Johannesburg ukiguswa kisogo kwenye robot huulizi maswali. Bila kugeuka aliinua simu na pochi juu ya bega, akaviachia. Kisha sauti ya Mzee Kissack, simu na pochi vikiwa mapajani mwake, ikamwuliza kwa adabu kofia ile ameipata wapi. Kidole kilikuwa kinahesabu miguu.

Mzee Kissack mwenyewe alizaliwa hapa hapa, lakini babu yake aliletwa na migodi kutoka Kisiwa cha Man, kisiwa kidogo kilicho baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Watu wa huko huitwa Wamanx, na nembo yao ni miguu mitatu inayokimbizana. Mzee alikuwa nayo siku zote, kipini cha fedha kwenye ukosi wa koti. Luqman alikuwa amekiona kipini hicho kila Jumapili na, aibu iliyoje, alidhani mzee aliwahi kuuza feni.

Jumapili hiyo ibada ilimkosa Mzee Kissack. Aliomba apelekwe kwa mshonaji, akafikishwa Mayfair, akaketishwa, akapewa chai ya tangawizi na kaimati, na Luqman akageuka mkalimani. Nusaiba alisimama mlangoni. Bi Mwatumu alikitazama kile kipini, akaitazama kofia iliyokuwa mkononi mwake na sindano bado imo, akasema moyoni kwamba duniani wawili wawili, na miguu nayo ni hivyo hivyo.

Mzee alieleza kwamba tangu astaafu kazi yake ni moja, kuwasaka wazee wake waliokuwa Waquaker, ambao wenyewe hujiita Marafiki. Karne nyingi nyuma, huko kisiwani, walikuwa wachache na wabishi. Walikataa kulilipa zaka kanisa la wakubwa. Walikataa kumvulia kofia mtu yeyote, hata hakimu. Walikataa kuapa mahakamani, wakisema ndiyo ya mtu iwe ndiyo, basi. Kwa ajili hiyo walifungwa, wakanyang'anywa ng'ombe, wakapakiwa kwenye merikebu wakatupwe ng'ambo. Ibada yao ilikuwa kuketi pamoja kimya, na mwenye neno asimame aliseme. Mwisho wakapungua, na ukoo wake wenyewe ukasahau kila kitu, hata yeye uzeeni alilazimika kuingia kwenye ibada hiyo kama mgeni. Alikwenda mpaka kisiwani kuyatafuta makaburi, akaonyeshwa uwanja wa majani, maana Marafiki wa kale hawakuweka jiwe wala jina. Rafiki wa mwisho katika ukoo alikuwa shangazi wa babu yake, Esther Kissack. Huyo alikwenda Pemba kufundisha watoto waliotolewa utumwani. Hakurudi, hakuzaa, na habari zake zikaishia huko.

Luqman alitafsiri yote hayo huku sauti ikimpungua. Bi Mwatumu alikuwa amekiweka kikombe chini tangu waliposema habari ya kuapa. Hata hivyo alijikaza. Wasioapa ni wengi, alijiambia, na kukaa kimya hata paka hukaa.

Basi ikawa ni paka kweli. Mzee, kwa kuona sura zimekazana, alitaka kuwachangamsha wenyeji wake, akasema huko kisiwani kuna paka wasio na mkia, na wazee wana kisa chake: Nabii Nuhu alipokuwa anafunga mlango wa safina, paka mmoja alikuwa bado yuko nje. Luqman akafungua kinywa kutafsiri, akachelewa. Bi Mwatumu alikuwa na Kiingereza cha dukani, na Nuhu na paka vilimtosha.

"Alikwenda kuwinda panya, awe na kitoweo cha safari," alisema taratibu. "Akarudi mbio, mlango ndio unafungwa. Mwili ukaingia, mkia ukabaki nje na gharika."

Kisa hicho alilazwa nacho utotoni Chake Chake, akamlaza nacho Nusaiba huku, na hakupata kumsikia mtu wa nje ya nyumba yao akikijua. Mzee aliuliza kwa kunong'ona nani alimsimulia. Bi Mwatumu akasema ni bibi yake, na bibi alisimuliwa na mama yake, Mayasa, na Mayasa alisimuliwa na nani, hapo akanyamaza. Nusaiba ndiye aliyelitaja jina, kule mlangoni.

"Bibi Kimya," alisema.

Mzee Kissack alitaka kujua wanachokijua juu yake. Ni kidogo, Bi Mwatumu akamjibu. Hawajui sura yake wala alizikwa wapi. Ila kila hitima ya nyumba yao jina lake husomwa na kuombewa, tangu bibi yake hajazaliwa mpaka juzi. Luqman alilitafsiri hilo polepole, na mzee akavua miwani.

"Nilikuwa natafuta jiwe lenye jina lake," alisema, "kumbe jina lenyewe watu wanalitaja." Akalia waziwazi, machozi yakidondokea kaimati, na hakuna aliyemtazama vibaya.

Bi Mwatumu hakulia. Alikuwa na hasira, na kwa kuwa aliyemkasirisha alikwishakufa zamani, hasira haikuwa na pa kwenda. Alimkasirikia Bibi Kimya aliyevua buibui mchana mmoja akavaa boneti, ile kofia ya kike ya Kizungu ya kufungwa kidevuni. Alijikasirikia kwa kuwakalisha wanawake wa Tanga kwa mila ya Kisiwa cha Man na kuwaambia ni ya Pemba. Zile Fatiha za miaka yote zilimpitia akilini pia, zimefika wapi. Hilo alimwachia Mwenyezi Mungu, ambaye anuani za waja wake anazijua. Lakini kilichomwuma hasa kilikuwa Mayasa. Siku zote alimfikiria kama ajuza mwenye bakora, na sasa alimwona mtoto mdogo aliyeuzwa, ameketi karibu na mwanamke mgeni, anashikishwa sindano ili mikono ipate la kufanya. Alimwonea huruma. Na juu ya yote hayo kulikuwa na neno lake mwenyewe kwa Bi Bushra, si watoto wa misheni, nimesema.

Mzee alipokwisha kusindikizwa garini, Luqman alirudi ndani akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mama, mimi sikusikia kitu," alisema. "Nilikuwa natafsiri tu."

Nusaiba alipiga magoti miguuni pa mama yake. "Mama, usiseme," alisema. "Nakuomba, usimwambie Bi Bushra."

Alisema kwa Kiswahili, chote, bila Kiingereza hata chembe. Bi Mwatumu alikuwa amengoja miaka yote ya binti huyu kusikia anasemeshwa kwa lugha yake, na siku ilipofika ikafika na ombi ambalo hawezi kulitimiza. Akimwacha Bi Bushra na neno lisilo kweli, basi kule kutoapa kwao kote kulikuwa maringo tu, na Mayasa alifundishwa bure. Akamshika Nusaiba kichwa, akamwambia avae, wanakwenda La Rochelle.

Bi Bushra alikuwa anaosha vikaango vyake vya vitumbua. Aliwakaribisha kwenye chumba chake cha kupanga, akaanza papo hapo kueleza habari za mwenye nyumba, za bei ya mchele na za goti lake, na Bi Mwatumu akamwomba wakae kimya kwanza. Wakakaa, wao watatu na Luqman. Bi Bushra alijikuna, akaipanga leso, akafungua kinywa akakifumba. Hatimaye Bi Mwatumu aliuvunja ukimya.

"Nilikwambia sisi si watoto wa misheni," alisema. "Nilikosea, sikujua. Tu watoto wa misheni. Mama wa bibi yangu alikuwa mtumwa, mtoto mdogo, akalelewa na mwanamke wa Kizungu. Huyo ndiye Bibi Kimya wetu. Kimya chenyewe ni chake, wala si cha Wapemba. Nimekuja kulirudisha neno langu, na lako nalipokea, lolote litakalokuwa."

Bi Bushra hakusema kitu. Hakujikuna, hakukohoa, bangili hazikulia. Luqman anasimulia mpaka leo kwamba alidhani shangazi amepatwa na kiharusi, akawa anamtazama mdomo kama umekwenda upande. Nusaiba alikuwa ameushika mkono wa mama yake kwa nguvu.

"Nilikutaka uape," Bi Bushra alisema mwishowe.

"Ulinitaka."

"Kwenye msahafu. Na ungeniridhisha, leo ungekuwa umeapa uongo mbele ya Mungu, na aliyekushika mkono kukupeleka huko ni mimi." Alijifuta macho kwa upindo wa leso. "Watu wananiapia kutwa nzima, Bi Mwatumu. Anayeniuzia mchele ananiapia, mwenye nyumba ananiapia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniambia alikosea. Arusi ipo. Nani anihadithie habari za ukoo, wakati ukoo ndio huu?"

Luqman, kwa hofu ya mtu aliyeponea chupuchupu, akauliza kuhusu Tanga. Shangazi yake alimjibu kwamba Tanga watapigiwa simu na yeye mwenyewe, na wote waliomo chumbani wakawaonea huruma watu wa Tanga. Kisha akaagiza kofia ya bwana arusi, akisisitiza iwe ile ile ya pangaboi. Bi Mwatumu akamtazama.

"Miguu mitatu," Bi Bushra akajisahihisha.

Ndoa ilifungwa nyumbani, Mayfair. Mzee Kissack alialikwa, akaja na kofia mpya ya miguu mitatu aliyoilipia bei kamili, akaketi nayo sebuleni katikati ya wanaume. Wazee wake walifungwa kwa kukataa kuvua kofia, na hapa, kila alipotaka kuivua kwa sababu ya joto, jirani yake Msomali alimrudishia kichwani.

Kabla ya chakula ilisomwa dua ya kuwarehemu wazee. Upande wa wanawake, Bi Mwatumu aliyataja majina ya watu wa nyumba yao, mmoja mmoja kama ilivyo desturi, mpaka akafika kwa Mayasa. Hapo akasita. Wakwe wa Tanga walikuwa wamejaa chumbani, baadhi wamekuja kwa ndege, na midomo yao ilikuwa imekaa tayari. Akaona bora aishie hapo.

"Bado mmoja," akasema Bi Bushra.

Bi Mwatumu akalitaja.